Simu Ikijibiwa na Mashine: Mambo ya Kujua Kabla ya Kueleza Ugonjwa wa Ng'ombe Wako



Umeamka alfajiri, umekwenda zizini, umekuta mtamba wako amesimama peke yake, masikio yamelegea, hagusi majani. Jana alikuwa na wenzake. Afisa mifugo wa kata yuko kijiji kingine na simu yake haipatikani. Kijana wako anakuambia: "Baba, siku hizi kuna mashine unaiuliza kwenye simu, inakujibu kwa Kiswahili. Tuiulize."

Je, uiulize? Na ikikujibu, ufuate inachosema? Kipeperushi hiki kinajibu maswali hayo mawili. Jibu fupi ni hili: uliza, lakini usichome sindano kwa neno la mashine peke yake. Sababu zake tunazieleza hapa chini.

MASHINE INAYOONGEA NI KITU GANI?

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni sauti iliyorekodiwa. Unapiga huduma kwa wateja ya mtandao wako, unasikia: "Kwa Kiswahili bonyeza moja." Sauti hiyo haikusikii. Hata ukiieleza shida yako kwa machozi, inasubiri ubonyeze.

Cha pili ni menyu ya nyota na reli, kama *152*00# ya huduma za Serikali, ambako utaikuta pia M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo. Hapo unachagua namba, na unapata kile tu kilichowekwa.

Cha tatu ndicho kipya. Unaongea kama unavyoongea na jirani, kwa maneno yako mwenyewe, na mashine inakujibu kwa sauti. Unaweza kuikatiza, ukauliza tena, ikajibu tena. Mashine hii inatumia akili mnemba. Kampuni za simu na benki katika nchi nyingi zinaiweka ipokee simu za wateja, kwa sababu haichoki, hailali, na inapokea simu nyingi kwa wakati mmoja.

Ndani yake kuna kazi tatu. Ya kwanza ni sikio: programu inageuza sauti yako kuwa maandishi. Ya pili ni kutunga jibu: mashine inaangalia maandishi hayo, kisha inapanga neno baada ya neno, ikifuata namna maneno yanavyoandamana katika maandishi mengi mno iliyosomeshwa. Ya tatu ni mdomo: jibu linasomwa kwa sauti ya kutengenezwa.

Shika sana hiyo kazi ya pili. Mashine haijawahi kushika tezi ya ng'ombe wala kunusa kinyesi cha ndama anayeharisha. Imesoma tu habari za ng'ombe. Ni kama kijana aliyesoma vitabu vyote vya ufugaji lakini hajawahi kulala zizini hata usiku mmoja. Anapojua jambo ataongea vizuri, na asipolijua ataongea vizuri vilevile. Binadamu asiyejua husitasita, sauti hubadilika, husema, "Ngoja nimuulize mwenzangu." Mashine mara nyingi haisiti. Kwa hiyo utamu wa sauti yake usikupe uhakika.

IMEFIKA WAPI?

Jambo hili haliko mbali nasi. Kenya, tangu mwaka 2011, huduma ya iCow imekuwa ikiwatumia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ujumbe mfupi: unasajili siku ng'ombe alipopandishwa, na simu inakukumbusha la kufanya mimba inapokua. Hapa jirani, Rwanda, wakati wa Uviko-19 kulikuwa na huduma ya Mbaza iliyojibu maswali ya wananchi kwa Kinyarwanda. Mwezi Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT, mashine inayojibu karibu swali lolote kwa maandishi, na Desemba 2024 ikafungua namba ya simu huko Marekani ambayo mtu anapiga na kuongea nayo. Kenya sasa kuna Farmer.Chat ya shirika la Digital Green, ambayo mkulima anaiuliza kwa Kiswahili na kujibiwa.

Kwa hiyo kama hujaongea na mashine hadi leo, kuna siku utaongea nayo, iwe ni simu ya benki, ya kampuni ya simu, ya muuza dawa au ya mradi wa mifugo.

NDIGANA NI MBILI

Turudi kwa mtamba wako. Tuseme umeiambia mashine: "Ng'ombe wangu ana ndigana, nimchome nini?"

Wewe unajua kuna ndigana mbili. Zote huletwa na kupe, na zote huanza kwa homa na kukataa majani. Lakini ni magonjwa tofauti.

Ndigana kali: tezi (mitoki) huvimba chini ya sikio na mbele ya bega. Homa hupanda sana. Baadaye ng'ombe hupumua kwa shida, hukohoa, na mwishoni hutoa povu puani. Asipotibiwa mapema anaweza kufa ndani ya wiki chache tangu aumwe na kupe, na siku zake za mwisho huenda haraka.

Ndigana baridi: fizi na sehemu za ndani ya macho hupauka, na baadaye zinaweza kuwa za njano. Kinyesi huwa kigumu. Ng'ombe hukonda na kuishiwa nguvu. Kuvimba tezi si dalili yake kuu.

Dawa ya OTC hutibu ndigana baridi. Ndigana kali iliyokwisha kumshika ng'ombe haiponi kwa OTC. Inataka dawa yake, buparvakwoni, na inataka mapema. Mfugaji anayechoma OTC kwa ndigana kali hupoteza siku mbili tatu akisubiri nafuu. Siku hizo ndizo zilizokuwa za kumwokoa mnyama.

Sasa angalia mashine inavyoweza kupotea hapa. Ipo chanjo ya ndigana kali, na siku ya kuchanja ng'ombe hupewa OTC pamoja na chanjo hiyo ili ugonjwa usimzidi nguvu. Kwa hiyo katika maandishi mengi maneno "ndigana kali" na "OTC" yamekaa pamoja. Mashine inayofuata maneno yanayoandamana inaweza kuyachukua hayo mawili na kukuambia kwa sauti tulivu kabisa: "Mchome OTC." Kila neno lililomo katika jibu hilo ni la kweli mahali fulani, lakini kwa mtamba wako aliyevimba tezi ni kosa.

Halafu kuna chupa. OTC ya asilimia 20 ina dawa mara mbili ya ile ya asilimia 10 katika kila mililita. Mashine haioni chupa uliyoshika, haijui kama ilikaa juani dukani, wala haijui uzito wa mnyama wako. Ukiambiwa "mililita 20" bila kuulizwa asilimia ya dawa na uzito wa ng'ombe, fahamu kwamba aliyekuambia anabahatisha.

MANENO YANAYOICHANGANYA MASHINE

Kabla ya kulaumu jibu, angalia mashine imesikia nini. Haya ndiyo ya kuangalia zaidi:

"Hali." Ukisema "ng'ombe hali," wewe unamaanisha hataki kula. Mashine inaweza kuandika "hali ya ng'ombe" na kukuuliza hali yake ikoje. Sema: "Ng'ombe amekataa majani tangu jana jioni."

Saa. Mashine nyingi zimesomeshwa zaidi kwa Kiingereza. Saa mbili yetu ya asubuhi wao huiita saa 8. Ukisema "saa mbili" inaweza kuelewa saa nane ya mchana. Kama ni ratiba ya dawa au ya daktari kufika, sema: "Asubuhi, baada ya kukamua," kisha iulize tena wakati huo ni mchana au asubuhi.

Lugha ya nyumbani. Ili mashine isikie lugha, lazima isikilizishwe sauti nyingi za wasemaji wake. Kwa Kinyarwanda, watu walijitolea kurekodi zaidi ya saa 2,000 za sauti katika mradi wa Common Voice. Kihangaza, Kishubi na Kizinza havijapata mkusanyiko mkubwa wa namna hiyo. Ukichanganya neno la Kihangaza katikati ya Kiswahili, mashine inaweza kuligeuza neno la Kiswahili linalofanana nalo, bila kukuambia kwamba haikulielewa. Bibi anayeongea Kihangaza tu asiachwe na simu peke yake. Kijana amsemee, na baada ya hapo amsomee bibi jibu lote.

Kelele. Ng'ombe wakilia, upepo ukivuma kwenye simu, nusu ya maneno hupotea. Ondoka zizini, simama pembeni, sema polepole.

Njia moja inayosaidia sana ni kuiambia mashine: "Rudia nilichokueleza." Ikirudia tofauti na ulivyosema, jibu lake halikufai.

ANDAA MAMBO HAYA KABLA YA KUPIGA

Ukiwa na mambo haya mkononi, hata simu ikipokelewa na mtu, dakika zako hazitapotea:

1. Mnyama: ng'ombe, mbuzi au kondoo, dume au jike, umri, kama ana mimba au ananyonyesha. Kama ana heleni, soma namba yake.

2. Ameanza lini kuumwa, na wangapi wengine wanaumwa au wamekufa.

3. Umeona nini kwa macho: tezi, fizi, kinyesi, mkojo, pua, mwendo. Usianze na jina la ugonjwa. Eleza ulichokiona, jina litafuata.

4. Homa, kama una kipimajoto. Ng'ombe mzima aliyepumzika kivulini huwa kati ya nyuzi 38 na 39.5. Ukiona 40 na kuendelea, sema.

5. Umempa dawa gani, lini, kiasi gani. Shika chupa, soma jina na asilimia.

6. Mara ya mwisho ameogeshwa au kupuliziwa dawa ya kupe lini.

7. Amechungwa wapi wiki mbili zilizopita, na kama amechanganyika na mifugo ya safarini au ya mnadani.

Yaandike kwenye daftari la mtoto wa shule. Afisa mifugo akipatikana jioni, msomee hivyo hivyo. Wafugaji wengi hupoteza muda kwa sababu aliyeona dalili ni mchungaji, aliyepiga simu ni baba, na aliyeulizwa hakuwapo zizini. Mchungaji awe karibu na simu.

KAZI ZA KUIPA MASHINE NA ZA KUINYIMA

Iulize mambo ya kujifunza: namna ya kutunza ndama wa siku ya kwanza, namna ya kuhifadhi majani kwa kiangazi, dalili za ugonjwa fulani, maswali ya kumuuliza daktari. Iulize maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Itumie kupanga tarehe za kuogesha. Iulize namna ya kutoa malalamiko kwa kampuni ya simu. Kwa kazi hizo inasaidia kweli, hata usiku wa manane.

Usiipe kazi ya kuamua dawa na kipimo. Usiipe kazi ya kuamua kama nyama ya mnyama aliyekufa ghafla inaliwa. Usiiamini kwa bei ya mnada wa wiki hii kama haijakuambia imepata wapi bei hiyo. Mpigie mtu aliye mnadani. Na muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama ya ng'ombe aliyechomwa dawa, usome kwenye kibandiko cha chupa au muulize mtaalamu.

Ikiwa umepiga huduma kwa wateja na umechoka kuzunguka, sema waziwazi: "Wewe ni mtu au ni mashine?" Kisha: "Nataka kuongea na mhudumu." Rudia mara mbili au tatu. Huduma iliyopangwa vizuri ina njia ya kukufikisha kwa binadamu. Kabla ya kukata, uliza jina la mhudumu na namba ya taarifa yako. Uliza pia: "Nani atafuatilia, na lini?" Asiyeweza kujibu swali hilo hajakuhudumia bado.

Ninyi wa Rusumo na Kabanga, angalieni simu imeshika mtandao gani. Karibu na mpaka simu inaweza kuhamia mtandao wa Rwanda au Burundi. Hapo namba fupi za Tanzania, kama 100 ya huduma kwa wateja, zinaweza zisikufikishe unakotaka, na salio linaweza kuliwa haraka. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye simu, au panda kilima upande wetu.

MAGONJWA YASIYOSUBIRI SIMU

Mnyama akifa ghafla, damu ikitoka puani, mdomoni au nyuma na isigande, dhania kimeta. Usimchune, usimpasue, usile nyama, na uwazuie watoto na mbwa. Mjulishe afisa mifugo na mtendaji wa kijiji mara moja. Vifo vya wanyama wengi kwa pamoja, mimba nyingi kutoka, au ng'ombe wengi wanaokohoa na kukonda, vyote ni vya kutolewa taarifa siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa baada ya kugusa mnyama mgonjwa au mzoga, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, na aende kituo cha afya.

Sisi wa Kagera tunajua kwa nini. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kuna ugonjwa wa Marburg Biharamulo. Ugonjwa ule ulianza kwa dalili zinazofanana na za maradhi mengi: homa, kichwa, kutapika, kuharisha. Jina lake halikupatikana kwa maelezo ya mdomo. Lilipatikana baada ya sampuli kupimwa katika maabara tembezi hapa Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam. Wahudumu wakafuatilia watu nyumba kwa nyumba, na tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ukatangazwa kuisha. Mashine inayoongea ingeweza kukutajia dalili zote za Marburg. Kuchukua damu, kuvaa glavu na kubisha hodi nyumbani kwako isingeweza. Na kwa mifugo ni hivyo hivyo.

SAUTI YA MWIZI

Sote tumepokea ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tulizoea kuucheka. Sasa mwizi anaweza kutumia mashine kupiga simu nyingi kwa Kiswahili safi, akijifanya huduma kwa wateja. Anaweza hata kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha sauti yake iliyorekodiwa. Utasikia sauti ya mwanao aliyeko Mwanza: "Baba, nimekamatwa, uza dume, tuma hela."

Fanyeni hivi nyumbani:

Chagueni neno la siri la familia. Jina la ng'ombe wa zamani linafaa, lile ambalo hakuna mgeni anayelijua. Anayepiga simu kuomba hela, muulize: "Yule aliyetunyonyeshea watoto aliitwa nani?" Asipojibu Bihogo, kata simu, mpigie mwanao kwa namba yake unayoijua.

Namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao wowote haitajwi kwa mtu wala kwa mashine. Hakuna mhudumu wa kweli anayeihitaji.

Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe.

Usiiambie simu yoyote una ng'ombe wangapi na wanalala wapi, kama huna hakika nani anasikiliza. Sauti yako, jina lako na mahali zizi lilipo ni taarifa zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Mradi au kampuni ikikusajili, una haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi na zitatumika kwa nini.

KUMBUKA

Mtamba wako bado amesimama pale. Mshike chini ya sikio na mbele ya bega. Fungua mdomo, angalia fizi. Andika ulichokiona. Iulize mashine ukipenda, ikusaidie kupanga maneno. Kisha endelea kumtafuta afisa mifugo. Akikosekana, mtafute wa kata ya jirani, au mtume kijana kwa pikipiki na lile daftari. Mashine ikikosea, haitapoteza kitu. Zizi litakalopungua ni lako. Neno la mwisho juu ya sindano liwe la mtaalamu aliyemwona ng'ombe, au aliyesikia kwa ukamilifu kutoka kwa aliyemwona, na ambaye kesho unaweza kumrudia ukamwambia: "Njoo uone."